Ikiingia Nguo, Imeisha

Adan walimzika kabla sijafika. Waislamu hawangoji mtu, na mimi siku hizi si mtu wa kukimbia. Niliposhuka Isiolo wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini, viatu vimejaa vumbi, na uani wanawake walikuwa wanapakua pilau. Nilipewa sahani na nafasi kwenye mkeka, karibu na msichana mwenye simu kubwa ambaye aliniuliza kwa adabu nilimfahamu vipi babu yake. Nikamwambia, "Babu yako alinisimulia filamu moja karibu mwaka mzima." Alinitazama kama anayejiuliza iwapo nimemeza dawa zangu asubuhi hiyo. Ndipo nikagundua kwamba mtoto huyu, jina lake Nasra, amemjua mzee mwenye duka la spea tu, mzee wa kuswali na kulala mapema, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zamani mji huu ulikuwa ukinyamaza ili babu yake aseme. Niliudhika, sitaficha. Tangu nifike watu walikuwa wamekaa pale wakimsifu marehemu kwa bei nzuri ya breki.

"Filamu gani, shosho?" akauliza, akiniita bibi. Nikamwambia ni ya wanawake wezi wa madukani, katika mji wa Wazungu wenye baridi, wamevaa makoti makubwa yaliyoshonwa mifuko kwa ndani. Jina lake la Kiingereza sikuwahi kulijua, kwa sababu mwanzo wa mkanda ulikuwa umekatika kabla haujafika kwetu. Sisi tuliiita Wanawake wa Makoti. Nasra aliandikaandika kwenye simu yake, na kabla sijamaliza pilau alinigeuzia kioo. "Ni hii?" Nikamwona pale, yule mwanamke mwenye glavu nyeupe, amesimama kando ya mlango wa vioo, kijana kama nilivyomwacha. Nikamwambia asiifungue kwanza. Tulihamia chumba cha nyuma, palipokuwa na magodoro yamepangwa kwa ajili ya wageni, nikamweleza vile nilivyoiona mimi, kabla ile simu haijaniharibia.

Miaka ya sabini ilikuwa ukingoni. Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne na nikateremka kutoka milimani kwetu Meru kuja kufanya kazi Isiolo. Sababu za kuteremka na habari za baba yangu niziache. Kila mzee anayesimulia maisha yake huanza na baba yake, na wangu alikuwa mtu wa kawaida sana. Nilipanga chumba mtaa wa Bulla Pesa, kwa Mama Ekiru. Kilikuwa chumba cha mabati kilichokatwa katikati kwa mabati mengine, upande mmoja kitanda changu, upande wa pili jiko lake na kitanda chake, na mabati hayo hayakufika juu, kwa hiyo moshi wake ulikuwa wangu na maneno yake pia yalikuwa yangu. Asubuhi tulikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, jioni ugali na chochote kilichopatikana, na Jumamosi nilipika githeri, mahindi na maharagwe ya kwetu, ambayo aliila polepole huku akilalamika. "Nyinyi Wameru nakula mawe," alisema kila Jumamosi, na kila Jumamosi aliongeza sahani.

Alikuwa Mturkana, mama mzima, mrefu, Mkristo wa kanisa la chini pale karibu na mto. Kazi yake ilikuwa kufulia watu nguo katika nyumba za wafanyakazi wa serikali. Hakuwa akizichukua nguo kwenda nazo nyumbani, alizifulia kule kule, na kwa sababu wenye nyumba walikuwa kazini, walimwachia funguo. Funguo hizo alizitia ndani ya shuka lake, kwenye fundo lililokuwa begani, na chini ya fundo palikuwa na mkunjo mkubwa kifuani ambamo aliweka kila kitu alichomiliki duniani: tumbaku, kipande cha sabuni, kijiko chake mwenyewe, na mara moja kifaranga aliyekuwa mgonjwa. Sikuwahi kumwona akibeba kitu mkononi isipokuwa ndoo. Nilimzoea hivyo, sikuuliza. Nilimpenda yule mama, na naandika hivyo hapa kwa sababu wakati ule sikumwambia.

Mimi niliajiriwa na Haji Noor. Alikuwa wa zile familia za Kisomali za wanajeshi wa zamani wa Mwingereza, wana malori yanayokwenda Merti na kupita hadi Korbesa, na mwaka ule alirudi kutoka Nairobi na wazo jipya. Kabla ya hapo, duka Isiolo lilikuwa kaunta na waya. Unasimama, unataja unachotaka, muuzaji anakigeukia na kukuletea. Haji alivunja kaunta, akapanga rafu katikati ya chumba, akaweka dirisha kubwa la kioo upande wa barabara, na mtu akaambiwa aingie ajichukulie mwenyewe. Watu waliliita duka hilo Jichukulie. Wengine walitoka Gotu kuja kulitazama tu. Mzee mmoja alisimama kati ya rafu muda mrefu mikono nyuma, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa nani anagawa?" Mimi nilikaa kwenye kaunta ndogo mlangoni, napokea pesa, na kando yangu alisimama Boru, kijana wa Kiborana aliyekuwa askari wa duka. Alikuwa kijana mzuri, mcheshi, mwenye rungu ambalo hakujua aliweke wapi.

Filamu iliingia mjini karibu na wakati huo huo. Ukumbi ulikuwa nyuma ya soko. Jumamosi baada ya alasiri waliziba madirisha kwa blanketi na magunia, jenereta ikawashwa nje, na shuka jeupe likatundikwa ukutani. Mwenye kukodisha mikanda aligombana na mwenye ukumbi, akaondoka na filamu zake zote isipokuwa ile moja iliyokuwa bado kwenye mashine. Kwa hiyo tuliiona ile moja, Jumamosi baada ya Jumamosi, na hatukuichoka kwa sababu ya Adan. Adan alisimama kando ya shuka na kututafsiria. Siku za wiki alikuwa turniboi wa lori, mwembamba, kimya, anapakia magunia. Jumamosi alivaa shati safi, na sauti iliyotoka kwake sijui aliiweka wapi siku nyingine. Kiingereza alikijua vizuri, alisoma kwa mapadri kabla ada haijamshinda, lakini hakututafsiria neno kwa neno. Alitupikia. Wale Wazungu wakisalimiana, yeye aliwafanya waulizane habari za mvua na mbuzi. Mwanamke akiwa na huzuni, alisema amekumbuka kwao Leparua, kijiji cha jirani yetu tu.

Tatizo la kwanza lilikuwa wizi wenyewe. Watu hawakuelewa mtu anaibaje dukani na mwenye duka yuko. Adan alilazimika kusema, "Hii duka ni kama Jichukulie ya Haji," na hapo ukumbi ukasema aaah. Yule mwanamke wa glavu nyeupe, aliyekuwa kiongozi wa wenzake, alipita kati ya rafu, akagusa soksi za hariri, akatazama kushoto, kisha mkono ukapotea ndani ya koti. Wakati huo huo Adan alipiga kelele, "Ikiingia nguo, imeisha! Yeye ni mwizi tayari!" Neno hilo lilishika mji kama surua. Watoto walilisema wakicheza. Wauza miraa walilisema mteja akitia kifungu kwenye koti. Mwalimu mmoja nilimsikia akilisema hotelini, mandazi ya mwisho yalipopotea.

Kisha ilikuja sehemu niliyoipenda, na ndiyo iliyoleta mambo yote. Katika filamu kuna askari wa duka, mzee mwenye kofia, na kijana anayejifunza kazi. Wote wawili wamemwona mwanamke akitia soksi kotini. Kijana anataka kuruka, mzee anamshika mkono. Kijana anauliza kwa nini wasimkamate. Mzee anajibu maneno machache, na maneno yale mimi niliyasikia vizuri kwa Kiingereza tangu Jumamosi ya kwanza: mpaka avuke mlango huyu si mwizi, huenda bado anakwenda kulipa. Adan hakuyasema hayo. Adan alishika kifua chake, akasema, "Nitamkamata namna gani? Moyo yangu ameiba kwanza!" Ukumbi ulilia kwa kicheko. Wanawake walipiga vigelegele. Ilikuwa tamu kuliko sheria, na mimi nilicheka kila wiki pamoja na wengine. Boru alikuwa akikaa safu ya pili. Baada ya wiki chache alinunua kofia ya pama ya mtumba kama ya yule mzee, akaja nayo kazini.

Ukame ulikuwa umeanza. Watu waliopoteza mifugo walikuwa wakija mjini kutoka pande za Gotu na mbali zaidi, na kwa kuwa veranda ya Haji ilikuwa na kivuli, familia nzima zilikaa pale mchana, migongo ukutani, watoto wamebandika nyuso kwenye lile dirisha kubwa la kioo. Haji hakuwafukuza. Aliwapa maji. Lakini dirisha lilikuwa dirisha, na ndani ya dirisha kulikuwa na biskuti na unga. Alasiri moja Mama Ekiru aliingia dukani kwa mara ya kwanza. Alikuwa amelipwa na nyumba moja, na nilijua amekuja kununua majani ya chai kwa sababu asubuhi tulikunywa maji ya moto yenye kumbukumbu ya majani. Nilimwona akitembea kati ya rafu wima kama kawaida yake. Alichukua pakiti, akaigeuza, akatazama dirishani, akaitia ndani ya shuka kifuani. Kisha akageuka, akaanza kuja kwangu huku akilegeza fundo la begani kutafuta pesa.

Hakufika. Boru aliruka kutoka kando yangu, kofia ikamdondoka, akamshika mkono kati ya sabuni na chumvi. "Simama! Ikiingia nguo, imeisha!" Duka zima liligeuka. "Nini imeisha?" Mama Ekiru aliuliza, na hakuwa na hofu hata kidogo, alidhani ni majani ya chai yamekwisha. Haji alitoka chumba cha nyuma. "Mama, toa kitu iko hapo ndani." Akamjibu, "Nitatoa kwa huyu mtoto anachukua pesa." "Toa hapa." Nilisimama nikapaza sauti, "Haji, alikuwa anakuja kwangu! Hajafika kaunta!" Haji hakunitazama. "Kagendo, wewe unalala kwake. Wewe hapana shahidi." Mama Ekiru aliitoa ile pakiti polepole, akamwekea Haji kiganjani, mbele ya watu wote, na mbele ya wale wa dirishani. Haji alisema, "Mimi sitaki mambo ya polisi. Wewe ni mama mzima. Enda, lakini hapa usirudi." Alidhani amemhurumia. Hata mimi leo nadhani, kwa akili yake ya siku ile, kweli alimhurumia.

Nyumbani aliniambia tu, "Leo hakuna chai," akalala. Siku zilizofuata ndizo zilizoniumiza. Mfua nguo anayeachiwa nyumba hana cheti, ana jina tu. Nyumba ya kwanza ilimwambia wiki hii hakuna nguo chafu. Ya pili ilimwambia mtoto amekuja kutoka shule, atafua. Mke wa bwana mmoja wa ofisi ya mifugo alikuja mwenyewe mpaka kwetu, mwanamke mwenye adabu, akasimama nje akisema ule ufunguo wanauhitaji kwa sababu wanabadilisha kitasa. Nilikuwa upande wangu wa mabati, nikasikia Mama Ekiru akisema, "Ndio, mama," na fundo likifunguliwa. Jioni ile nilimtazama alipokuwa akisonga ugali. Shuka lilikuwa limelala bapa begani, funguo zote zimeondoka. Watoto wa njiani walianza kumwita kwa lile neno la Adan, na yeye aliendelea na ndoo yake kana kwamba hasikii. Kama asingepatikana mtu wa kumrudishia jina, mwezi mmoja zaidi angerudi bara kwao, ambako hakukuwa na mbuzi hata mmoja wa kumrudia.

Nilimwendea Adan. Alikuwa chini ya lori, nikazungumza na miguu yake. Nikamweleza lile neno la kweli la yule mzee wa kofia, nikamwambia analijua na mimi nalijua. Alitoka chini, uso umepakwa grisi. "Kagendo, watu wanapenda mapenzi. Nikiwapa sheria watalala." Nikamwambia kuna mama atakayekosa kula kwa sababu ya hayo mapenzi. "Mimi sikumshika. Boru ndio alimshika." Nikamwambia Boru hakujua, yeye alijua. Alipangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Unataka nisimame pale niseme mimi ni mwongo? Sikia. Kwa lori mimi naitwa waryaa. Waryaa leta jeki, waryaa panda juu. Kwa ukumbi peke yake ndio naitwa Adan." Niliondoka nikiwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu nilimwelewa.

Lakini alikuja. Ilikuwa jioni, jua halijazama vizuri, mimi niko kitandani nasuka nywele, nikasikia mtu akipiga hodi upande wa Mama Ekiru. "Ejok," alisema, salamu ya Kiturkana, kwa lafudhi ya Kisomali. "Ejok, mwanangu. Ingia." Alikuwa ameleta nyirinyiri kidogo kutoka kwa mama yake, ile nyama ya kukaanga na samli, na nilisikia kifuniko cha sufuria kikipokea. Alimuuliza bila kuzunguka. "Mama, ile siku, kwa nini uliweka majani ndani ya nguo?" Nilishangaa kwamba hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Hata mimi. Mama Ekiru alijibu kama mtu anayeulizwa kwa nini anafunga mlango. "Kulikuwa na watu kwa dirisha. Nibebe chakula kwa mkono, nipite mbele ya macho yao? Mtoto ataona, atalia. Mama yake atamwambia nini? Kwetu chakula inafichwa mpaka ifike kwa moto. Hapana ya kuiba. Ya aibu." Adan akauliza, "Aibu ya nani?" Akamjibu, "Ya yule hana."

Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe, ingawa najua hapakuwa na sukari ya kukoroga. Kisha Mama Ekiru, ambaye hakuwahi kuingia ukumbini maisha yake yote, akauliza kuhusu filamu. "Na hiyo mwanamke yako ya makoti, mwisho anaenda wapi?" "Anafungwa, mama. Halafu anatoka jela." "Nani alikuja kumchukua?" "Hakuna mtu. Anasimama kwa barabara, filamu inaisha." "Hakuna mtu?" alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya duka nilisikia sauti yake ikipanda. "Hata mtu moja na chai? Hao ni watu gani?" Adan alikunywa strungi yake, akaaga, akasahau kofia yake ya kufuma kwenye kigoda.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mambo yalikwenda kama kawaida, Leparua, mbuzi, soksi za hariri. Mkono ulipopotea ndani ya koti, watu walijiandaa kulisema lile neno pamoja naye kama walivyozoea, lakini Adan alinyamaza, na ukumbi ukalisema peke yake, ukayumba, ukacheka kwa mashaka. Kijana akamuuliza mzee kwa nini wasimkamate. Adan alisema kwa sauti ya kawaida, "Mzee anasema, mpaka avuke mlango huyu si mwizi. Labda bado anaenda kulipa." Hakuna aliyecheka. Kisha mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Rudisha mapenzi!" Wengine wakaitikia. Vijiti vya miraa vilirushwa mbele. Adan alikuwa na tochi ya kuongozea watu, akaiwasha, akajimulika usoni. Alikuwa anatokwa jasho. "Hakuna mapenzi! Mimi ndio nilipika hiyo mapenzi! Mzee hakusema moyo, alisema mlango. Niliwadanganya kila wiki na nyinyi mkaenda kukamata mama ya watu katikati ya duka, anaenda kulipa, ameondoa chakula kwa macho ya watoto wenye njaa. Mnamjua. Amefua nguo zenu." Wachache waliondoka wakidai warudishiwe kiingilio. Lakini safu ya pili nilimwona Boru akivua ile kofia yake, akaishika magotini mpaka mwisho.

Na mwisho nao haukuwa kama siku nyingine. Kwa kawaida mwanamke akishafungwa watu walianza kuinuka, kwa sababu kilichobaki kilikuwa kifupi na hakina maneno. Anatoka lango la jela bila koti, anasimama kwenye barabara ndefu yenye ukungu, basi. Adan alisema, "Kaeni." Wakakaa. Ule mkanda ulikuwa mzee, umeungua mahali, na mwishoni kabisa mwa ile barabara kulikuwa na doa jeusi lililotetemeka kila Jumamosi bila mtu kulijali. Adan aliligusa doa lile kwa mwanga wa tochi. "Mnaona huyu anakuja kule mbali? Huyu ni mama. Ametembea tangu asubuhi. Watu wote wamemwambia huyo mwanamke ni mwizi, yeye amesema, hata kama, lazima mtu amngoje. Mikono yake mitupu, mnaona? Chai iko ndani ya nguo." Jenereta ilizimwa, na kwa muda hakuna aliyeondoa blanketi madirishani. Nilipomsimulia Mama Ekiru jioni ile alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri. "Alileta na sukari?" akauliza.

Boru ndiye aliyempelekea Haji habari. Haji hakuwa mtu wa sinema. "Mambo ya ukumbi usiniletee dukani," alisema, akaendelea kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Baada ya muda akamgeukia. "Ni kweli askari wa Ulaya anangoja mlango?" Boru akasema wallahi ni kweli. Haji akaniuliza na mimi, na safari hii nikawa shahidi. Siku ya pili yake, baada ya alasiri, alitembea kwa miguu mpaka Bulla Pesa, mtu mwenye malori, akasimama nje ya mlango wetu na kanzu yake nyeupe kati ya kuku. "Habari, mama." "Mzuri, Haji." Haji alimsogeza kuku mmoja kwa mguu. "Majani yako iko dukani." Mama Ekiru alimaliza kukamua kitambaa alichokuwa nacho, akakitundika. "Nitakuja kuchukua," akasema.

Alikuja kesho yake, saa ambayo duka limejaa. Sijui kama alichagua. Watoto walikuwa dirishani kama kawaida. Alipita kati ya rafu, akachukua pakiti ya majani ya chai, na kila mtu pale ndani aliacha alichokuwa akifanya, na mimi nikajikuta nikimwomba Mungu amfanye aishike ile pakiti mkononi, mara hii moja tu, ili mambo yaishe. Mama Ekiru alitazama dirishani. Aliitia pakiti ndani ya shuka, kifuani, taratibu, kama siku ile. Akaja. Alipita sabuni, akapita chumvi, akampita Haji, akampita Boru aliyekuwa amesimama wima kama bendera inapandishwa. Alifika kwangu, akageuza mgongo upande wa dirisha, akaitoa pakiti kwa siri, akalipa, akairudisha ndani. Boru alimfungulia mlango. Nilipoinua macho Haji alikuwa amelikaribia lile dirisha, na wiki hiyo hiyo alilipaka chokaa nusu ya chini, mpaka juu ya vichwa vya watoto, na kuanzia hapo kila jioni sufuria ya uji ilitoka kwa mlango wa nyuma kwenda verandani. Mke wa bwana wa mifugo alileta ufunguo mwenyewe. Nyumba moja haikurudi kamwe, na Mama Ekiru hakuiulizia.

Adan aliendelea na filamu ile hadi mkanda ulipokatika kabisa. Watu walipungua kidogo, kisha wakarudi, kwa ajili ya ule mwisho. Mimi niliondoka mwaka uliofuata kwenda chuo cha ualimu. Mama Ekiru alinisindikiza, akatoa kifuani yai lililochemshwa, lingali na joto lake, na hatukuonana tena.

Nasra alikuwa amenisikiliza akiwa amekumbatia mto. Nikamwambia sasa afungue. Tuliruka mambo mengi, macho yangu hayawezi kioo kidogo. Nilimwona mzee wa kofia, nikamsikia akisema neno lake la mlango, kwa sauti kavu isiyo na utamu wowote. Tulifika mwisho. Mwanamke alitoka langoni bila koti. Barabara ilikuwa ndefu, nyeupe, safi kabisa. Waliisafisha filamu, Nasra aliniambia, wameondoa mikwaruzo yote. Nilisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Nilijua vizuri kwamba lilikuwa doa tu. Hata hivyo nilimtafuta.

"Hakuna mtu hapo, shosho," Nasra alisema kwa upole.

"Rudisha nyuma kidogo," nikamwambia. "Na uzime hiyo sauti, nikuambie babu yako alisema nani anakuja."